Chupa Tano za Maji Machungu

10 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umekuachia japo kidogo. Mama naye, magoti yanasemaje? Mimi huku sijambo. Nimekonda kiasi, lakini hilo usimwambie, ataanza kulia kabla hujamaliza kumsomea.

Baba, nina shida, na ni wewe tu wa kunitoa. Unajua shahada yangu hii ni ya bakteria wapenda chumvi, vile viumbe visivyoonekana vinavyoishi mahali ambapo samaki asingemaliza dakika. Kazi yangu ni kuwapanga, nani ndugu ya nani na nani mgeni. Kwa darubini huwezi, wote ni vijiti na vidonge tu. Kwa hiyo tunatumia mafuta yao. Kila bakteria amefunikwa na utando, na kwenye utando mna asidi za mafuta: nyingine ndefu, nyingine fupi, nyingine zimenyooka, nyingine zina tawi. Kila aina ina kiasi chake cha kila moja. Tunawachemsha na soda kali kama watu wa sabuni, tunayatoa mafuta, tunayatia kwenye mashine, nayo inatuchorea chati yenye vilele kama milima. Ukizilinganisha chati unajua huyu ni wa ukoo gani.

Sasa nataka maji ya mabwawa yenu matano, kuanzia la kwanza ambalo chumvi yake bado ni hafifu mpaka la tano mnakovuna chumvi. Natarajia kila bwawa liwe na watu wake. Nitumie chupa moja kwa kila bwawa, pamoja na karatasi yenye tarehe, joto la maji na kipimo cha chumvi. Chuo kikiomba kwa kampuni yenu, jibu huchukua mwaka. Nimemwambia profesa asihangaike, nina mtu wa kuaminika ndani. Nani mwingine ana funguo za mageti yote kama si wewe, Mzee Vipimo?

Chonde, usichanganye chupa.

Mwanao,
Bi Darubini


2 Februari

Mwanangu Bi Darubini,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Mama yako amejua umekonda, kwa sababu alinipokonya barua akaisoma mwenyewe, na kulia amelia.

Chupa zako nimezifunga kila moja kwa kipande cha shati langu kuukuu, nikaziba midomo kwa nta ya mshumaa. Dereva wa lori ameapa hatazilaza. Niliingia asubuhi kabla jua halijakaza, walinzi wakanisalimu kama kawaida, nikafungua geti moja baada ya jingine. La kwanza maji yake bado ya bahari tu, unaona mpaka chini. La tatu limeanza kuwa zito. La tano, mwanangu, ni jekundu kama nyanya iliyopondwa. Nikasimama ukingoni nikasema, kumbe hawa ndio wadudu wa binti yangu! Miaka ishirini na tisa nawakanyaga na viatu vyangu bila hata kuwapigia hodi.

Vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi. Uliposema usichanganye chupa nilicheka. Unamwambia nani?

Ukiandika kitabu chako cha shahada, utanitaja? Hata kwa herufi ndogo.

Baba yako


20 Mei

Baba,

Shikamoo! Mzima? Mama mzima? Mimi mzima mara kumi!

Kaa kwenye kiti ndipo uendelee kusoma. Nimewakuza bakteria wa chupa zote tano, nimetoa mafuta yao, nimepata chati tano, na zote ni moja! Asidi zilezile, kwa kiasi kilekile, kama mapacha watano waliovalishwa sare. Nilitegemea bwawa la kwanza liwe na ukoo wake na la tano ukoo mwingine kabisa, maana asiyejua chumvi kali hukauka pale. Badala yake nimekuta bakteria mmoja anaishi kote, kwenye hafifu na kwenye kali, bila kubadilisha hata sehemu moja ya mafuta yake. Profesa alizunguka meza mara mbili akishika kichwa. Amenibadilishia hata jina la utafiti. Sasa wote ni kuhusu huyu mmoja, na tumeanza kuandika makala ya jarida pamoja.

Ni fundi wa mashine tu aliyenikunjia uso. Mzee mkavu sana huyo, hata salamu anaitoa kwa kipimo. Aliniambia, "Binti, hawa wametoka chungu kimoja." Akanilazimisha kuwakuza upya wote, chakula kimoja, chumvi moja, joto moja, siku sawasawa, kwa sababu bakteria hubadilisha mafuta yake ukimbadilishia joto au chumvi. Nikarudia. Chati zikatoka vilevile. Akasema tu, "Sawa," na bado hakufurahi.

Baba, umenifanyia kazi kubwa. Nitumie chupa nyingine tano mvua zikikatika, ili nithibitishe. Ni zilezile, bwawa kwa bwawa.

Mwanao mwenye furaha,
Bi Darubini


30 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Sisi tuko hai. Najua umeniandikia mara mbili tena na sijajibu. Barua hii nimeianza na kuiacha tangu Juni.

Chupa nyingine sitakutumia. Sina funguo. Nilizirudisha Novemba ya mwaka jana, miezi miwili kabla hujaniomba maji.

Aliyeniita ni meneja mpya. Mezani kwake kulikuwa na kidude kama tochi. Akaniambia, "Mzee, hiki ni kipima cha umeme. Kinasoma chenyewe, kinatuma namba ofisini." Nikamuuliza, "Kikikosea nani atajua?" Akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, hiki hakikosei. Niachie funguo hapo." Nikaziweka. Nilikuwa na kipima changu cha kioo, kile cha kuelea majini, mfukoni, hakukiulizia, nikatoka nacho.

Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilivaa viatu vya kazi nikatoka. Naosha madumu ya plastiki kwa jamaa mmoja nyuma ya soko, yaliyobebewa mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu, ili yauzwe tena. Mama yako alinikamata mwezi wa tatu. Alishika viatu vyangu akasema, "Vina matope, lakini mbona havina chumvi?" Kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akivikwangua chumvi.

Barua yako ya kuomba maji ilipofika, uliandika nani mwingine ana funguo. Ningekujibu nini? Nilikwenda mpaka getini. Mlinzi yule niliyemfundisha kazi akaniambia, "Mzee wangu, ukiingia mimi natoka." Sikumgombeza. Nje ya ua kuna mtaro wanakomwaga maji machungu, yale yanayobaki chumvi ikishavunwa. Humo ndimo nilimojaza chupa zote tano. Nilipiga magoti mara moja tu. Halafu nikakaa kivulini nikaandika namba moja mpaka tano.

Vipimo vya kwenye karatasi niliviandika kwa kichwa. Havina kosa. Bwawa la tatu mwezi wa kwanza huwa hivyo kila mwaka. Maji ndiyo hayakuwa yake.

Huyo bakteria wako mmoja si wa ajabu, mwanangu. Ni wa mtaroni. Mashine yako imesema kweli na fundi wako amesema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya. Mwambie profesa kabla hamjaandika zaidi.

Nisamehe ukiweza.

Baba


12 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sitauliza hali, nimeisoma.

Barua yako imechelewa wiki mbili. Kitabu cha shahada nimeshakikabidhi. Makala imeshakwenda kwenye jarida, jina langu la kwanza na la profesa la pili. Unaelewa maana yake? Miaka mitatu yangu yote imesimama juu ya mtaro wa maji taka.

Ungeniandikia tu, "Mwanangu, sina kazi." Maneno matatu. Nani angekucheka? Ningeomba barua ya chuo, ningesubiri mwaka, ningekuwa na maji ya kweli. Ulitaka nikuone mkubwa, na kwa hilo umenifanya mimi mjinga mbele ya watu. Nilisimama kwenye ukumbi wenye watu mia nikaonyesha chati tano za mtaro mmoja, wakanipigia makofi!

Sikiliza. Usimwambie mtu yeyote. Hakuna atakayekwenda kuchota tena, kampuni haimruhusu mtu. Watasoma, watapitisha, basi. Barua yako nimeichana na kuichoma kwenye sinki la maabara. Ukiniandikia tena, andika ya nyumbani tu.

Mwanao


3 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Ya nyumbani: paa la jikoni linavuja, Mama amepanga masufuria chini. Sisi wazima.

Umekasirika na una haki. Hasira yako naibeba. Lakini hili la kunyamaza silibebi vizuri. Mimi nimenyamaza miezi kumi na unaona nilipofika. Nenda kwa yule fundi mkavu, mwambie, "Chungu ni kimoja kweli." Ukiona mdomo mzito, nitakuja mwenyewe nisimame mbele ya profesa wako nimweleze. Nauli ninayo. Atanitukana, nami nitasikiliza, na wewe utachota upya.

Nijibu neno moja tu, nije au nisije.

Baba yako


18 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Najua sikukujibu Oktoba, wala sikukuandikia sikukuu zilipopita.

Wamejua. Mtahini kutoka chuo kingine hakuridhika na mapacha wangu. Aliomba maji kwa barua rasmi, na kampuni ikampa bila shida, kwa wiki tatu tu. Fundi wa mashine ndiye aliyeyapima. Bwawa la kwanza limetoa bakteria wenye mafuta ya matawi mengi. La tatu limetoa wengine, minyororo mirefu iliyonyooka. La tano, wengi wa wale wekundu hawana kabisa asidi za mafuta za namna hii, ni viumbe wa kundi jingine, na chati yao ikatoka karibu tupu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo kuhusu maji mekundu, Baba. Mimi na profesa tulilewa furaha. Na bakteria wangu mashuhuri hakuonekana kwenye hata bwawa moja.

Waliniweka mbele ya kamati. Wanadhani nilikuza bakteria mmoja nikamgawa kwenye chupa tano. Mwenyekiti akaniuliza, "Nani alikusanya sampuli?" Nikasema, "Kibarua wa kule." Profesa akauliza, "Yule mtu wako wa kuaminika? Ana uhusiano gani na wewe?"

Nikasema, "Hana."

Sijui ilitokaje, lakini ilishatoka. Kwenye kitabu pia nilikuandika "mkusanyaji wa eneo" tu. Wenzangu hapa baba zao ni madaktari na mawakili, na nilipofika nilikwepa kuulizwa, kisha nikazoea kukwepa.

Kamati imesema kama mkusanyaji atakiri kwa maandishi kwamba alinidanganya, na kwamba mimi sikujua, nitaruhusiwa kurudia kazi kwa maji ya kweli. Makala tutaiondoa jaridani. Bila hivyo nafukuzwa, na jina langu linatangazwa vyuo vyote.

Karatasi nimeiambatanisha. Imechapwa tayari. Usiandike jina letu la ukoo, litanifunga. Andika lile la kazini, Mzee Vipimo, na alama ya dole gumba, wamekubali. Irudishe kabla ya tarehe kumi. Nakuomba, Baba. Sikuombi kingine tena.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Salamu. Paa tumeliziba. Mgongo umepoa, kwa sababu ya habari nitakayokupa mwishoni.

Karatasi hii hapa. Nimesaini na dole gumba nimeweka, wino wa karani wa soko. Akaniuliza, "Mzee, unauza shamba?" Nikamwambia nauza maji.

Niliisoma yote kabla ya kusaini, nilivyozoea kusoma kipimo mara mbili. Mstari wa kwanza unasema nilijaza chupa tano mahali pamoja na kuandika namba za uongo. Ni kweli. Wa pili unasema sikumjulisha mtafiti wakati wowote. Nilimjulisha mwezi wa nane, akaichoma barua kwenye sinki. Wa tatu unasema sina uhusiano wa kifamilia na mtafiti. Mama yako alifika kwenye huo akaiweka karatasi chini, akaenda kufua nguo alizokwisha kuzifua asubuhi.

Kwa hiyo safari hii nimedanganya mara mbili, na wewe ndiye uliyenichapia. Ule uongo wangu wa chupa niliubeba mwenyewe, hata nilipokudhuru nao. Huu tutaubeba wawili. Sijui kwako una uzito gani. Mimi siku nzima nimekuwa nikiweka vitu chini, kijiko, ufunguo, kikombe, nikidhani ndivyo vizito.

Ile habari ni hii. Kampuni imeniita nirudi kwa msimu. Kipima cha umeme kiliganda chumvi ndani, kikawa kinasoma namba moja wiki tatu, wakavuna chumvi chafu. Jumatatu naanza.

Soma vizuri. Chota mwenyewe safari hii.

Baba yako


5 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo na kazi ya mabwawani inakwenda. Najua tangu Machi sikuandika. Nilikuwa maabara asubuhi mpaka jioni, sikuwa na siku ya kupumua.

Nimefaulu, Baba! Maji ya kweli yamenipa makundi manne safi, kila moja na mafuta yake, na moja huenda halijawahi kuandikwa na mtu. Yule mtahini mwenyewe alinipa mkono. Profesa amenisamehe, anasema kila mtafiti ana kibarua mmoja wa kumfundisha kutoamini watu. Nilicheka naye. Nikakuwazia.

Mahafali ni tarehe tano Desemba. Kadi mbili hizi hapa, viti vya mbele kabisa. Baada ya hapo kuna chai kwa profesa, wazazi wote wamealikwa. Njooni. Tusahau yaliyopita. Nataka unione nimevaa joho.

Mwanao,
Bi Darubini


20 Novemba

Mwanangu,

Hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili, na Mama yako mara sita. Sisi wazima.

Umeuliza kazi ya mabwawani. Niliifanya siku tatu. Siku ya nne meneja aliniita akanionyesha nakala ya karatasi yangu. Chuo kiliwapelekea ili wajue nani anachezea jina la mabwawa yao. Aliniuliza, "Mzee, ni wewe uliyewadanganya watu wa chuo kuhusu maji yetu?" Jina lile la Mzee Vipimo pale halina mwingine. Nikasema ni mimi. Akasema, "Sasa nitakuaminije kwenye kipimo?" Nimerudi kwenye madumu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa unasoma.

Kadi ni nzuri, zina maandishi ya dhahabu. Koti langu nimelijaribu, linanienea bado. Jana nililivaa nikakaa nalo kitandani, nikawa naiona hiyo chai ya profesa. Naona anakuja na kikombe, ananipa mkono, anakugeukia anakuuliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Ukimwambia ni baba yako, atataka kujua nafanya kazi gani na wapi, na nikifungua mdomo tu mtu mwenye akili atajumlisha. Karatasi yako itasomwa upya siku hiyohiyo ya joho. Ukimwambia mimi si baba yako, nitakuwa nimesafiri siku mbili kwenda kuyasikia kwa masikio yangu yale niliyoyatilia dole gumba. Nimegeuza upande huu na upande huu, sijaona jibu la tatu. Kama wewe unalo, hukuliandika.

Mama yako atakuja peke yake. Gauni limeshashonwa. Mpokee stendi mapema, mji huo haujui, na usimwache aanze kuuliza watu. Wakimuuliza mumewe yuko wapi, nimemwambia aseme yuko kazini.

Ni mimi,
Baba yako